Naomba ushauri: kuondoa usukani wa magurudumu ya nyuma kwenye Skyline R32

Ndugu zangu mafundi na madereva, habari za leo. Nipo Chumbageni, Tanga, na ninamiliki Nissan Skyline R32 yenye Super HICAS, yaani mfumo wa haidroliki unaogeuza kidogo sana magurudumu ya nyuma gari linapokata kona kwa kasi. Umri na hewa ya chumvi ya pwani vimekwisha kula bolijointi zake (viungo vinavyoruhusu magurudumu kugeuka), kiasi kwamba nikiwa barabara ya Segera nahisi nyuma ikitangatanga ilhali usukani nimeushika sawasawa, na humo ndani huwa nimepakia watoto.

Fundi wangu anashauri tuutoe mfumo wote na mahali pa silinda ya nyuma tufunge chuma kisichocheza. Nakubaliana naye. Shaka yangu ni kwenye pampu ya usukani, ambayo ni moja na hupeleka mafuta mbele na nyuma: je, nikiondoa mabomba ya nyuma, niyarudishe mafuta kwenye tangi lake kwa bomba fupi, au nitafute pampu ya gari lisilo na mfumo huu? Halafu kompyuta ya Super HICAS ndiyo pia hurekebisha uzito wa usukani kulingana na mwendo, na ikichomolewa usukani huwa mzito. Aliyewahi kuiacha mahali pake alifanyaje na taa ya onyo?

Naomba pia kuelekezwa gereji ya hapa Tanga inayopima alaimenti (mkao na uelekeo) ya magurudumu yote manne, kwani bila hiyo sitathubutu kuliendesha.