Nimepewa barua ya kujieleza kwa kumchoma magnesiamu mama aliyekuwa anadegedeka. Naomba nionyeshwe sheria niliyoivunja

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni muuguzi mkunga wa stashahada, niko zahanati moja ya serikali huku juu Moshi Vijijini, mwaka wa tisa kazini. Sitaji zahanati wala sitaji mtu, walioniandikia barua wanajijua. Naandika nikiwa na hasira, lakini hakuna neno humu ambalo sitaweza kulirudia mbele ya kamati yoyote.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa zamu ya usiku. Masika imekolea, njia ya kushukia lami imekuwa utelezi mtupu, bodaboda wenyewe wameegesha. Saa saba na robo nagongewa mlango. Wanaume wanne wamembeba mama ndani ya blanketi, kila mmoja kashika pembe, tope hadi magotini. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, miezi minane. Mama mkwe anasema tangu jioni analia kichwa na anaona ukungu. Nafunga mashine ya presha, inasoma 180 kwa 120. Sijamaliza kuandika, macho yakapinduka, taya likakaza, mwili mzima ukaanza kutikisika kitandani. Kifafa cha mimba.

Mle ndani tulikuwa wawili: mimi na mhudumu anayesafisha vifaa na kupiga deki. Tabibu mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa mjini. Simu yake iliita mara tatu bila kupokelewa, ya nne haikupatikana. Saa za simu zote nne nimeziandika pembeni ya karatasi ya matibabu, zipo hadi leo.

Nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, nikasafisha njia ya hewa, nikaweka kanula huku mhudumu ameshika mkono. Magnesiamu salfeti ya asilimia 50, dawa ya kuzuia degedege, tunayo kabatini, kalsiamu glukoneti ya kuipoza ikizidi mwilini iko pembeni yake kama inavyotakiwa. Nikavuta mililita 8, nikaongeza mililita 12 za maji ya sindano, nikapata gramu 4 kwenye bomba la mililita 20. Nikasukuma taratibu, jicho moja kwenye mshipa, jingine kwenye saa ya ukutani. Mwili ukaanza kulegea bomba likiwa nusu. Baada ya hapo gramu 5 takoni kulia, gramu 5 kushoto, pamoja na ganzi kidogo maana sindano ile inauma sana. Mpira wa mkojo. Kisha nikakaa kwenye kigoda nahesabu pumzi zake na kumgonga goti kila baada ya muda, nikijua goti likiacha kuruka au pumzi zikishuka chini ya 16 natakiwa nisimamishe dawa hiyo.

Gari la wagonjwa lilifika saa tisa na dakika hamsini. Nilipanda naye mpaka hospitali, akapasuliwa alfajiri. Mama mzima. Mtoto kilo 2 na gramu 300. Juzi yule mama mkwe kapanda na mkungu wa ndizi kichwani, anasema huu wa mtori wa mzazi tumekukatia na wewe.

Siku hiyo hiyo ya ndizi ndiyo nilikabidhiwa barua.

Barua inasema nimetoa dawa ya mshipa "nje ya mipaka ya kada", yaani kazi isiyo ya ngazi yangu ya taaluma, bila maelekezo ya tabibu wala daktari, nijieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Haikuletwa na malalamiko ya ndugu. Ni kwamba timu ya usimamizi ilipita, ikafungua jalada, ikaona hakuna sahihi ya mtu aliyeagiza dawa. Swali lao lilikuwa moja tu: nani aliagiza? Hakuna aliyeuliza kwa nini zahanati yenye tabibu ilikuwa na muuguzi peke yake usiku wa saa saba. Na nakala ya barua ile imepitia mkononi mwa mfawidhi yule yule ambaye simu yake haikupatikana.

Sasa wakuu nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo damu inanichemka.

Mchana mimi ni nani? Tabibu akienda semina, na semina haziishi, napima malaria na naandika dawa ya mseto. Nashona msamba. Nashona jeraha la panga la mtu aliyekuwa anapunguza migomba. Naweka njiti za uzazi wa mpango na kuzitoa, siku ya kliniki wanaweza kuwa kumi na mbili. Nachoma oksitosini vitengo 10 kila mtoto akitoka. Kondo likigoma naingiza mkono nalitoa. Mtoto akizaliwa kachoka nambana kinyago na mfuko wa hewa ndani ya dakika ile ya kwanza, kwa sababu nimefundishwa kwamba dakika ile ikipita umempoteza. Rejesta zote hizo zina sahihi yangu, miaka tisa. Timu hiyo hiyo ya usimamizi imezikagua kila robo mwaka na kunipigia makofi. Hakuna hata siku moja niliyoulizwa nani aliagiza.

Kwa hiyo mipaka ya kada yangu ina saa zake? Inalala mchana, inaamka likitokea jambo?

Nimeisoma Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Nimeisoma mwenyewe, sikuhadithiwa. Ndiyo msingi wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, inasimamia usajili na leseni, na inaeleza namna ya kumshughulikia anayekosea kitaaluma. Siipingi, leseni yangu imetokana nayo na naiheshimu. Ila muuguzi akitaka kujua kuhusu kitendo hiki kimoja, bomba hili, mama huyu, hapati jibu mahali pamoja. Kuna mtaala uliomfundisha chuoni. Kuna muundo wa utumishi unaosema majukumu yake kwa maneno mapana. Kuna miongozo ya matibabu ya Wizara. Na mwaka 2016 Wizara ikatoa mwongozo wa kugawana majukumu katika sekta ya afya, kwa sababu walijua fika kwamba watumishi hawatoshi na kazi za kada za juu zinafanywa na kada za chini nchi nzima. Safi kabisa. Sasa niambieni, ni zahanati ngapi mmewahi kuuona mwongozo huo ukiwa kabatini? Mimi niliuona mara moja, kwenye projekta, kwenye ukumbi wa mafunzo hapo mjini, ukurasa ukapitishwa haraka kwa sababu chakula kilikuwa kimeshawadia.

Magnesiamu siyo dawa niliyoiokota mtaani. Duniani kote huduma za dharura za uzazi za msingi zinahesabiwa kwa vitendo saba: antibayotiki ya sindano, dawa ya kubana kizazi, dawa ya kuzuia degedege, kutoa kondo kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumsaidia mama kujifungua kwa vakyumu (kifaa cha kumvuta mtoto), na kumpulizia hewa mtoto. Dawa ya kuzuia degedege ndiyo magnesiamu. Ukiniweka chumba cha kujifungulia umeniweka kwenye vitendo hivyo, huwezi kuniambia nitoe kondo lakini degedege nilitazame tu. Tulipofundishwa dozi ya kuanzia na rufaa hatukufundishwa kama hadithi. Tulipewa bomba na maji, tukavuta, mkufunzi akasimama nyuma yetu, atakayekosea hesabu ya mililita anarudia hadi apatie. Aliyelipia mafunzo yale ni mwajiri huyu huyu anayeniuliza leo nilipata wapi ruhusa.

Na jambo la kuandika kazi kwa kazi siyo la ajabu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilitoa mapendekezo ya huduma za mama na mtoto yanayotaja kada moja moja na kitendo kimoja kimoja, huyu afanye, huyu asifanye, huyu afanye kwa kusimamiwa. Uingereza walipotaka wauguzi waandike dawa walitunga sheria mwaka 1992 na kukawa na orodha, muuguzi akajua dawa ipi ni yake na ipi siyo. Tusiende hata mbali. Hapa hapa Tanzania AMO, yaani daktari msaidizi, amekuwa anapasua mama wa kujifungua kwa miongo kadhaa bila shahada ya udaktari. Mbona yeye halali macho wazi? Kwa sababu nchi ilikubali waziwazi kwamba hiyo ni kazi yake. Jina la kazi na kazi yenyewe vilienda pamoja. Sisi tumepewa kazi, maandishi yamebaki njiani.

Najua kuna madaktari humu watasema muuguzi akiachiwa atajifanya daktari. Nitawajibu bila kuzunguka: wapo. Wapo wanaotundikia watu dripu sebuleni, wanaochoma sindano kila mwenye homa kwa shilingi elfu tano, na mimi siwatetei, washughulikiwe. Mipaka naitaka kuliko ninyi. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya Baraza jina langu likitaka kufutwa, siyo ninyi. Kitu nisichokitaka ni mpaka wa kamba ya mpira, unaovutwa mbele kukiwa na foleni ya wagonjwa na kurudishwa nyuma kukiwa na jalada la kukagua.

Niwaambie madhara yake, maana hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko barua. Tangu habari isambae, wadogo zangu wa kazi wameanza kuogopa. Jana mwenzangu wa zahanati ya bonde la pili kanipigia, ana mama presha 170 kwa 110, kichwa kinauma, ananiuliza, "Dada, nichome au niandike rufaa tu?" Nikasikia sauti yake inatetemeka. Huyu binti anajua dozi kuliko mimi, katoka chuo miaka miwili iliyopita. Nikamwambia choma, andika saa, ita gari. Akanijibu, "Na barua je?" Mama yuko kitandani, halafu mkunga anawaza barua. Safari ya kutoka kwao hadi hospitali usiku wa mvua siyo chini ya saa mbili. Degedege halisubiri saa mbili.

Ninachotaka ni kidogo. Karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani mwa kila chumba cha kujifungulia kama ilivyobandikwa ile ya kunawa mikono. Kitendo, kada, masharti. Muuguzi wa cheti afanye nini, wa stashahada nini, wa shahada nini, na akiwa peke yake nini. Iwe na mhuri wa Wizara na wa Baraza, ili afisa akija na kalamu yake nyekundu asome kwanza ukutani. Na kama karatasi hiyo itasema mimi siruhusiwi magnesiamu, sawa, nitatii. Basi anayeruhusiwa alale pale zahanati. Asilale mjini halafu mimi ndiyo niandikwe zamu kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi.

Tarehe 12 Mei kila mwaka tunawasha mishumaa, tunakula kiapo mbele ya viongozi, tunaimbiwa kwamba sisi ni uti wa mgongo wa sekta. Mwaka huu nilishika mshumaa mstari wa mbele. Kiongozi aliyenipa mkono siku ile ndiye aliyesaini barua.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu. Mkuu aliyeuliza "kwani ulisomea udaktari?", hapana, nilisomea ukunga, na kifafa cha mimba kipo kwenye ukunga kabla hata hakijafika kwa daktari. Dada wa Arusha aliyesema kwao Arumeru walipewa mafunzo ya vakyumu kisha mashine ikafungiwa stoo kwa sababu hakuna aliyejua nani anaruhusiwa kuishika, naomba nikutafute, hilo nataka kulielewa vizuri. Na yule aliyesema nikubali kosa niombe radhi mambo yaishe: nikiomba radhi nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kumwokoa yule binti lilikuwa kosa. Siandiki.

NYONGEZA ya pili: Siku saba zinaisha Ijumaa. Nimeshaandika kurasa mbili, nimeambatanisha karatasi ya matibabu yenye saa za simu, cheti cha mafunzo, na kurasa za rejesta. Kinachokosekana ni ule mwongozo wa 2016 wenyewe. Nimeuomba wilayani, nimeambiwa nisubiri aliye likizo arudi. Mwenye nakala kamili, sehemu ya huduma za uzazi hasa, naomba aiweke hapa au anitumie kabla ya Alhamisi jioni. Na kama kuna muuguzi yeyote wa Kilimanjaro, Arusha au Manyara aliyewahi kupewa barua ya aina hii akaijibu, aniambie alijibu nini na walimwambia nini.