Hifadhi inayojiita mkombozi wa wanyama walio hatarini kutoweka imetufanyia kiini macho

Ndugu wanajukwaa,

Naomba radhi mapema kwa urefu wa uzi huu. Nimesubiri siku tisa ili hasira ipungue, na haijapungua.

Tulitembelea hifadhi moja ya wanyama ambayo langoni, kwenye tiketi na hata kwenye fulana za wahudumu wake imeandika kwamba kazi yake ni kuokoa wanyama walio hatarini kutoweka. Kituo cha kwanza kilikuwa boma la vifaru. Bango lilieleza, kwa usahihi kabisa, kwamba vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu duniani. Nyuma ya bango hilo walikuwa wamelala vifaru watatu.

Wawili hao waliobaki ni Najin na bintiye Fatu, wote majike, na wanaishi katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa huko huko mwezi Machi 2018. Waliokuwa mbele yetu walikuwa vifaru weupe wa kusini, ambao bado wapo kwa maelfu. Kuwafuga hao si kosa, kwani ujangili unawaandama nao pia. Kosa ni kuwavisha msiba wa wenzao ili mgeni aguswe na kutumbukiza fedha katika sanduku la michango lililowekwa hatua chache kutoka hapo. Nilipomweleza mwongozaji wetu tofauti hiyo, alitabasamu na kunijibu kwamba wote ni vifaru tu.

Kwa simbamarara weupe hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu pale hapakuwa na bango lililowekwa pasipo pake bali hotuba nzima ya upotoshaji. Tuliambiwa kwamba hao ni jamii adimu kuliko zote na kwamba hifadhi inawazalisha ili kizazi chao kisipotee. Simbamarara mweupe si jamii ya peke yake. Weupe wake unatokana na jeni iliyofichika, ambayo mtoto ni lazima airithi kwa baba na kwa mama pia, na ndiyo maana wafugaji waliotaka kuipata kwa uhakika walizalisha ndugu kwa ndugu. Mohan, dume aliyekamatwa akiwa mtoto huko Rewa nchini India mwaka 1951, alizaa na binti yake mwenyewe, na simbamarara weupe wengi sana walio kifungoni leo ni uzao wake. Mmoja wa wale tuliowaona alikuwa na makengeza, jambo linalojulikana kwa wanyama wa rangi hiyo, kwani jeni hiyo huvuruga njia za neva kati ya macho na ubongo. Mwongozaji aliwaambia watoto waliosimama karibu yake kwamba mnyama yule anawafanyia utani, nao wakacheka.

Hata hayo ningeyameza. Nilichoshindwa kukimeza ni chumba cha picha.

Ndani yake mlikuwa na watoto wawili wa simba, na nje ulikuwepo mstari mrefu wa wageni waliolipia tiketi ya ziada ili kuwabeba. Mmoja alikuwa amelala. Kila mgeni alipoingia, mhudumu alimwinua kwa kumshika makwapa, akampachika chupa ya maziwa mdomoni ili atulie mbele ya kamera, kisha akamlaza tena hadi mgeni mwingine alipofika. Tulielezwa kwamba watoto hao ni yatima waliookotwa. Dakika chache baadaye, mhudumu mwingine, ambaye nadhani hakufundishwa uongo wa siku hiyo, alituonyesha mama yao akiwa mzima kabisa katika boma la pili, na akaongeza kwa majivuno kwamba atazaa tena karibuni. Kwa kawaida simba jike hukaa karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena ikiwa watoto wake wako hai. Wakiondolewa mapema, huwa tayari kupandwa na dume tena upesi. Mwenye kutaka kuelewa na aelewe. Simba aliyelelewa mikononi mwa watu, asiyewaogopa binadamu, hawezi kuachiliwa porini, na baada ya miezi michache huwa mkubwa mno kubebwa. Niliuliza wa mwaka jana wako wapi. Sikujibiwa. Marekani ilipiga marufuku kuwagusanisha wageni na watoto wa wanyama hawa kwa sheria ya Desemba 2022, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba haya ni malalamiko ya mtu mwenye moyo laini.

(Vyoo vilikuwa vichafu na ramani ilikuwa na makosa. Nayapita.)

Baadhi yenu mtasema kila mnyama aliye kifungoni ni mateso, na hapo tutatofautiana. Choroa wa Uarabuni, mnyama wa jamii ya swala, alimalizwa porini mwaka 1972, lakini kundi lililokuwa limezalishwa kifungoni lilirudishwa Oman mwaka 1982, na mwaka 2011 Orodha Nyekundu ya IUCN, ile orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ilimhamishia kwenye daraja la hatari ndogo zaidi. Chura wa Kihansi wa Tanzania, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Vizazi vilivyolelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo nchini Marekani ndivyo vilivyorudishwa kwenye korongo lake kuanzia mwaka 2012. Hakuna mgeni aliyepanga mstari kumbeba chura yule. Kazi ya namna hiyo ina kitabu cha nasaba kinachoonyesha wazazi wa kila mnyama, ina mpango wa kuwarudisha wanyama makwao, na ina watu wanaoweza kukutajia idadi ya waliorudi.

Kwa hiyo niliuandikia uongozi wa hifadhi swali moja: ni wanyama wangapi waliozaliwa kwenu ambao wamewahi kurudishwa porini, na ni wapi? Jibu lilikuja jana, mistari miwili. Wa kwanza ulinishukuru kwa kuwapenda wanyama. Wa pili ulinikaribisha tena nipige picha na watoto wapya wa simba waliozaliwa wiki hii.