OSI au TCP/IP: nianze na ipi kwa mtihani wa cheti cha mitandao?

Mgeni_wa_Kebo:
Wakuu, salaam. Najiandaa na mtihani wa cheti cha ngazi ya mwanzo cha mitandao na nimekwama mlangoni. Kitabu kimoja kinaanza na OSI, mfano unaoeleza kazi za mtandao kwa matabaka 7, kingine kinaingia moja kwa moja kwenye TCP/IP, itifaki (kanuni za mawasiliano) za intaneti, yenye 4. Muda wa kuzisoma zote mbili kwa uzito sawa sina. Ipi inalipa zaidi, kwenye mtihani na hata kazini?

Swichi_Kuu:
OSI, bila kupepesa macho. Kama unalenga Network+ (cheti cha CompTIA), OSI ipo mwanzoni kabisa mwa mtaala wake. Halafu mafundi wanaongea kwa namba zake. Ukisikia "swichi ya tabaka la 3" au "hilo ni tatizo la tabaka la 1", ujue ni namba za OSI hizo: 1 ni waya na ishara, 2 ni kiungo cha ndani, 3 ni anwani za IP, hadi 7 ambalo ni huduma za programu. Usipozijua utabaki unaitikia kwa kichwa tu wenzako wakiongea.

Pakiti_Pekee:
Mkuu Swichi, hapo sikuungi mkono. ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilichapisha OSI mwaka 1984, ilhali ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ilishahamia TCP/IP tangu tarehe 1 Januari 1983. Ramani ilitoka watu wameshahamia nyumbani. Mgeni, washa Wireshark (programu inayoonyesha pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni), fungua tovuti yoyote, kisha bofya pakiti moja. Utaona Ethernet, ndani yake IP, ndani yake TCP, ndani yake TLS (ya kusimba data kwa siri). Nitafutie tabaka la 5 (kikao) na la 6 (uwasilishaji) hapo, ukiyapata uniite.

Na hesabu zenyewe unaziona kwa macho. Fremu ya kawaida ya Ethernet hubeba hadi baiti 1500. Toa 20 za kichwa cha IPv4 na 20 za kichwa cha TCP, data yako inabakiwa na 1460. Kichwa cha UDP, mbadala mwepesi wa TCP, ni baiti 8 tu, kwa sababu hakina namba za mfuatano wala uthibitisho wa kupokea. Ukishaona hivyo, swali la "TCP au UDP?" halikusumbui tena.

Swichi_Kuu:
Wireshark siku ya kwanza? Utamkimbiza huyu.

Bi_Ruta:
Mnabishana kama vile mtu lazima aoe mmoja. TCP/IP ndiyo inayopita kwenye waya, OSI ni mpangilio wa kutafutia hitilafu. Mgeni, chukua mfano huu. Mtu anakuambia "intaneti haipo". Unaangalia kwanza taa ya poti: inawaka, kwa hiyo kebo inaelekea ni nzima. Unaandika ipconfig, unakuta anwani inaanzia 169.254. Maana yake kompyuta iliomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Sasa niambie, hilo ni tatizo la tabaka la ngapi?

Anwani ya IP ni ya tabaka la 3. DHCP yenyewe ni huduma ya tabaka la 7. Na chanzo kinaweza kuwa poti ya swichi iliyowekwa kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) isiyo yake, ambalo ni jambo la tabaka la 2. Aliyekariri orodha tu anapotea hapo. Anayejua ombi la DHCP linavyosafiri, kwamba linatoka kama tangazo kwa wote na kwa kawaida halivuki ruta bila msaada, anajua pa kwenda kuangalia.

Kwa hiyo mimi ningegawa hivi: itifaki zenyewe (IP, TCP, UDP, ARP, DNS, DHCP) zipe muda mwingi. Namba za OSI zikae kichwani mapema, hazina ugumu. La 5 na la 6 jua yanafanya nini kisha songa mbele. Muda utakaouokoa upeleke kwenye kugawa subneti (kukata mtandao vipande vidogo), maana huko ndiko watu wanakoangukia.

Mgeni_wa_Kebo:
Asante dada, hapo nimekuelewa. Ila mbona video moja inasema TCP/IP ina matabaka 5? Na hiyo ARP niiweke wapi?

Pakiti_Pekee:
RFC 1122, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1989, ina 4. Waalimu wengi huligawa lile la chini mara mbili ili lilingane na OSI, ndiyo 5 hizo. Fuata hesabu ya mtaala wako. ARP inatafuta anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) ya IP iliyo kwenye mtandao uleule, na RFC hiyohiyo inaiweka tabaka la kiungo. Kwa OSI watu huvutana kati ya 2 na 3, ila jibu la 2 ndilo utakalolikuta mara nyingi.

Swichi_Kuu:
Na kwa kuwa mmefika kwenye MAC: pakiti ikivuka ruta, nini kinabadilika? Anwani za MAC huandikwa upya kila inaporuka ruta, lakini IP ya mtumaji na ya mpokeaji hazibadiliki, isipokuwa njiani kuwe na NAT (kubadilisha anwani za IP). TTL, hesabu ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kuvuka, nayo inapungua kwa 1. Swali hilo wanapenda kulileta limevaa nguo tofauti, kwa hiyo chora ruta mbili kwenye karatasi uandike anwani zote nne za kila kipande cha njia.