Siku nane Aisilandi mwezi wa saba, dereva mmoja: tuzunguke kisiwa chote au tubaki kusini?

Neema_wa_Pili:

Habari za humu ndani. Mimi na mume wangu tunakwenda Aisilandi mwezi wa saba, siku nane kamili ukiondoa za ndege. Viza ya Shengeni tumeshapata, gari dogo la kukodi tumeshalipia nusu. Tunachovutania ni njia. Yeye anataka tuimalize barabara namba 1 yote, kilomita 1,322 kuzunguka kisiwa, maana anasema hatujui kama tutajaliwa kurudi. Mimi nataka maporomoko ya maji, barafuto (ile mito ya barafu inayoteremka milimani) na zile chemchemi zinazorusha maji juu, tena nizione nimetulia, siyo nachungulia dirishani. Leseni anayo yeye tu. Tumeanza kununiana, kwa hiyo waliofika naomba mniambie ukweli, hata kama ukweli uko upande wake.

Msafiri_Kobe:

Inawezekana dada. Mimi na mke wangu tulizunguka kwa siku tisa. Kaskazini kuna mambo yake: poromoko la Goðafoss, halafu la Dettifoss lenye upana wa mita 100 hivi na maji ya kijivu kama saruji iliyokorogwa, na pale Hverir karibu na ziwa Mývatn tope linatokota kama uji jikoni. Jina Mývatn maana yake ni ziwa la visubi, na visubi wapo kweli, chukueni wavu wa kufunika uso. Ila sisi tulikuwa tunapokezana usukani. Kwa dereva mmoja ningefikiri mara mbili.

Bi_Mwanapwani:

Neema mdogo wangu, msalimie sana shemeji, kisha mwambie kuna watu waliofanya hivyohivyo anavyotaka yeye. Siku nane, mwezi wa saba, dereva mmoja. Dereva alikuwa mume wangu.

Kilichotuponza ni jua. Mwanzoni mwa Julai jua la Reykjavík, mji mkuu, linazama karibu na saa sita usiku, linachomoza saa tisa na kitu, na hapo katikati giza lenyewe haliingii. Mwili haujui kwamba siku imekwisha. Unasema twende mbele kidogo, twende mbele kidogo. Siku ya tano tulikuwa mashariki, kwenye zile ghuba ndefu ambako barabara inaingia ndani kabisa mpaka mwisho wa ghuba, inatoka, inaingia nyingine. Nikamtazama mume wangu, macho yako wazi lakini haoni. Tairi la kulia limeshaanza kukanyaga changarawe, na upande ule chini ni maji. Nikamshika bega, nikamwita kwa jina lake la utotoni ambalo huwa silitumii. Aliposimamisha gari nikaangalia saa: saa saba kasoro robo usiku, na nje kweupe kama alfajiri. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima hatuzungumzi. Kesho yake tukapita njiapanda ya Dettifoss bila hata kukunja kona. Tulikuwa tumechoka mno kuona chochote.

Kwa hiyo kaeni kusini. Kutoka Reykjavík hadi ziwa la barafu la Jökulsárlón ni kama kilomita 380, na karibu kila kitu unachokitaka kiko njiani, au kimechepuka kidogo tu.

Siku ya kwanza nendeni Þingvellir, ambako bunge lao lilianza kukutana mwaka 930, kisha Haukadalur kwenye chemchemi. Geysir mwenyewe, aliyezipa jina chemchemi zote za namna hiyo duniani, siku hizi amelala karibu muda wote. Anayefanya kazi ni jirani yake, Strokkur, kila baada ya dakika sita hadi kumi hivi. Watu wengi wanarekodi mara moja wanaondoka. Nyinyi simameni aruke hata mara tano, simu mfukoni, na mtazame kile kinachotangulia. Maji kwenye shimo yanapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Halafu ghafla yanavimba yote kwa pamoja, yanakuwa kuba moja la buluu, laini kama kioo, na ndani yake unaona mvuke unapanda. Hilo kuba linadumu kufumba na kufumbua, kisha linapasuka na maji yanakwenda juu mita 15, 20, pengine zaidi. Mimi lile kuba ndilo nililobaki nalo. Simameni upande upepo unakotoka, la sivyo mnalowa, na vijito vya pembeni msitie vidole, maji ni ya moto wa kuunguza.

Poromoko la Gullfoss liko dakika kumi mbele. Mteremko wa kwanza mita 11, wa pili 21, na wa pili umekaa kombo, hivyo mto unaonekana kama unamezwa na ardhi. Pale kuna jiwe lenye sura ya Sigríður Tómasdóttir, binti wa shamba la Brattholt, aliyepigania mto huo usizibwe kwa ajili ya umeme. Msilipite.

Sasa barafuto. Hapa nakusihi utenge siku nzima, usiipachike kati ya mambo mengine. Sisi tulipanda Sólheimajökull na mwongozo. Unavalishwa kofia ngumu, na vyuma vyenye meno vinafungwa chini ya viatu. Nilitegemea weupe mtupu. Nikakuta barafu ina milia myeusi, jivu la volkano za zamani, na kwenye nyufa rangi ya buluu inayozidi kukolea kadiri unavyotazama chini. Nilipiga magoti nikasikia maji yanapita ndani, chini sana, kama mtu anayemimina kwenye chumba cha pili. Mwongozo akatuonyesha ziwa lililo mbele ya barafuto, akasema pale palikuwa barafu. Tangu 2010 watoto wa shule ya Hvolsvöllur huja kila vuli kupima imerudi nyuma kiasi gani. Nilimfikiria mtoto wa darasa la saba ameshika kipimo, na mwaka unaofuata mwenzake anakuta lile alama limeachwa mbali na barafu. Mume wangu alivua glavu akaiwekea barafu kiganja, akakaa hivyo mpaka mwongozo akatuita.

Ndiyo maana nasema muende taratibu.

Neema_wa_Pili:

Dada, nimemsomea yote kwa sauti. Kwenye habari ya bega alinyamaza, baadaye akasema, "Haya, kusini." Nimefurahi mpaka machozi. Ila anauliza mambo mawili: gari dogo litatosha, au tuongeze pesa tupate la 4x4, linalosukumwa na magurudumu yote manne? Na kuna vitu gani barabarani tusivyovizoea?

Msafiri_Kobe:

Gari dogo linatosha kwa barabara namba 1 na sehemu zote alizotaja dada. Barabara zenye herufi F, za nyanda za juu katikati ya kisiwa, kwa mujibu wa sheria ni za magari ya 4x4 tu, kwa hiyo gari lenu lisizikanyage. Mwendo ni kilomita 90 kwenye lami, 80 kwenye changarawe, 50 mijini, na taa zinawashwa hata mchana. Wanaendesha kulia. Kuacha barabara na kupita nyikani ni kosa, na faini yake ni kubwa. Mkikuta ubao umeandikwa "Einbreið brú", daraja mbele ni la gari moja: aliyefika karibu zaidi ndiye anapita. Kondoo nao wanatembea wenyewe kiangazi chote.

Bi_Mwanapwani:

Kobe amesema vizuri. Mimi naongeza upepo. Tulipofika kijiji cha Vík nilifungua mlango bila kuushika, upepo ukaunyakua ukakunja bawaba zake. Bima yetu haikugusa uharibifu wa upepo, tukalipa krona nyingi kuliko tulizolipia vitanda vya siku tatu. Egesheni pua ya gari ikitazama upepo, shikeni mlango kwa mikono miwili, ufunguliwe mmoja kwanza. Bima isomeni mstari kwa mstari kabla ya kutia saini.

Reynisfjara, ule ufuo wa mchanga mweusi, mnajua nimekulia ufukweni, lakini bahari ile siyo niliyolelewa nayo. Wimbi moja linaweza kupanda mbali kuliko yote yaliyotangulia na kumchukua mtu. Watu wamekufa pale. Msiipe mgongo, hata kwa picha.

Seljalandsfoss mtapita nyuma ya maji, vaeni koti la mvua na suruali yake. Halafu msiondoke, tembeeni dakika chache tu hadi Gljúfrabúi, poromoko lililojificha ndani ya ufa wa jabali. Unaingia kwa kukanyaga mawe ya kijito, na ndani ni nyinyi wawili na maji na duara la mbingu juu.

Poromoko la Skógafoss liacheni mpaka baada ya saa nne usiku. Mabasi yatakuwa yameondoka na bado mtaona kama mchana. Laleni hapohapo jirani, ili shemeji asishike usukani tena usiku huo. Na mbebe vitambaa vya kufunika macho, vya kwenu wenyewe, maana mapazia ya tuliyolala sisi yalipitisha mwanga wote.