Naandikaje wasifu wa shangazi aliyekuwa mkunga?

Habari zenu wakuu, shangazi yetu ametutoka wiki hii na familia imenipa kazi ya kuandika wasifu wake. Alikuwa mkunga tangu ujana mpaka anastaafu, zamu za usiku, sikukuu yuko kazini, na akirudi asubuhi hoi anauliza kwanza kama tumekula. Sasa kila nikiandika inatoka kama sivii tu, alisoma hapa akaajiriwa pale. Nifanyeje yeye mwenyewe aonekane?

bahari_tulivu: Pole sana ndugu. Tarehe weka chache, chagua kitu kimoja cha kazini ukieleze vizuri. Mimi ni nesi, wakunga wa zamani nawajua kwa kile kifaa cha mbao kama tarumbeta ndogo, anainama anakibana kwa sikio kwenye tumbo la mama, macho kwenye saa, anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto, kawaida 110 mpaka 160 kwa dakika, na hapo usimsemeshe kabisa. Hiyo inamwonyesha kuliko kuandika "alikuwa mchapakazi".

mama_wawili: Poleni jamani. Watafute aliowafundisha kazi, wana mengi ambayo nyumbani hakuyasema maana mkunga anatunza siri za watu. Ila majina ya wazazi aliowazalisha usiyataje bila ruhusa.

Aliyeuliza: Asanteni mno. Yaani kucha zake zilikuwa fupi siku zote, alizikata kila jumapili jioni kabla ya wiki ya kazi. Naanzia hapo, na kesho nampigia mwenzake wa zamu.