Niongeze milioni 7 na nusu kwa ajili ya vikorombwezo vya gari, au najitafutia presha?

Mgogo wa Nzuguni:
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mtumishi, niko Dodoma. Mkopo umetoka wiki iliyopita na nimeapa safari hii hauishii kwenye kumalizia uzio. Naagiza gari Japani, Toyota Harrier ya 2014, ile inayoitwa Anakonda, injini ya cc 1986. Kwenye aina ya gari msinishauri. Tumeshavutana nyumbani miezi minne na hukumu imetoka.

Kesi iliyobaki ni hii. Muuzaji kanitumia picha za magari mawili. La kwanza ni gredi ya chini: viti vya kitambaa, mlango wa nyuma unauinua kwa mkono, kamera ya kurudia nyuma, basi. La pili lina kila kitu: viti vya ngozi vya umeme vinavyopasha joto, paa la kioo, mlango wa nyuma wa kitufe, kamera pande zote, rada ya kufuata gari la mbele, spika za JBL. Mwaka mmoja, injini ileile, kilomita zinakaribiana. Mpaka yafike mkononi, la pili linazidi kwa milioni 7 na nusu.

Mke wangu aliwahi kupanda gari lenye paa la kioo kwenye harusi Iringa, usiku. Tangu siku hiyo mbingu za kawaida hazimtoshi.

Maswali yangu: hivi vitu vinadumu? Vikifa, mafundi wa huku mkoani wanaviweza? Au nalipia matatizo kwa mkopo wa miaka 6? Nawasilisha.

Kibao cha Mbuzi:
Kiti cha kupasha joto, Dodoma. Mkuu unataka kuendesha au kujichoma mishikaki?

Baridi ya Makambako:
@Kibao cha Mbuzi usicheke usiyoyajua. Njoo huku Juni saa 11 alfajiri halafu useme tena.

Fundi Plagi:
Nimekuja kama fundi umeme wa magari, mtaa wa Gerezani, Dar, mwaka wa 14 sasa. Naomba nisikilizwe kidogo, nitakuwa mrefu.

Kila kikorombwezo unachokiona kwenye picha, nyuma yake kuna mota, sensa, waya na kikompyuta chake. Kiti cha kawaida kina reli na wenzo. Kiti cha umeme kina mota kadhaa. Mlango wa kitufe una mota, lachi inayojivuta yenyewe, na sensa ya kuhisi kidole kisibanwe. Havifi siku moja. Vinakufa kimoja kimoja, na kila kimoja kina bei yake.

Chukua kioo cha pembeni, maana hicho ndicho wezi wanachokipenda. Zamani ukiibiwa unanunua cha mtumba, unafunga, unaondoka. Siku hizi ndani ya kioo kimoja kuna mota ya kugeuza, mota ya kukunja, taa ya indiketa, hita ya kukausha umande, na kwenye hilo gari lako la pili kuna kamera. Ukija dukani huulizi tena "kioo cha Harrier," unahesabu pini kwenye plagi. Zikipishana, kioo kitakaa mlangoni vizuri kabisa na hakitafanya kazi. Wateja hawanielewi hapo, wanadhani fundi kala hela.

Rada nayo. Kwenye Toyota nyingi inakaa nyuma ya ile nembo ya mbele. Umeona nembo yake ni laini kama kioo, haina matundu? Imetengenezwa hivyo ili mawimbi yapite. Sasa mtu kagonga kidogo, kanunua shoo (grili ya mbele) ya mchina yenye nembo ya kung'aa, kaifunga. Rada imefunikwa macho. Taa inawaka kwenye dashibodi, anakuja kwangu analalamika gari limeharibika "lenyewe." Na magari yenye kamera ya kusoma barabara juu ya kioo cha mbele, ukibadilisha kioo inabidi kamera ipimwe upya kwa mashine. Jiwe moja la lori, gharama mbili.

Halafu redio. Hizi navi za Kijapani (redio zenye skrini ya ramani) nyingi zinatumia kadi ya SD ya ramani. Ukichomoa betri na kadi haipo, au kuna mtu kaiazima kwenda kuwekea nyimbo, skrini inajifunga na kudai kadi yake kwa Kijapani. Unabaki na televisheni iliyokufa katikati ya dashibodi. Nimeona wengi.

Paa la kioo niliache mwisho maana ndilo mkeo analitaka. Paa lenyewe halina ubaya. Ubaya ni mirija. Paa linalofunguka lina mirija ya kutoa maji inayopita ndani ya nguzo za gari, na kwa vumbi la Dodoma inaziba. Mvua ya kwanza maji yanashuka chini ya kapeti, na chini ya kapeti ndiko nyaya zilikolala. Gari linaanza mambo ya kichawi: honi inajipigia, vioo vinashuka. Watu wanapeleka kwa mganga wakati tatizo ni mrija wenye unene wa kidole.

Sijasema usinunue.

Mgogo wa Nzuguni:
@Fundi Plagi nimesoma mara mbili na jasho linanitoka. Kwa hiyo nichukue la chini?

Bandari Salama:
Mimi natoa magari bandarini. Kabla hujaamua, weka kodi sawa kichwani.

Kwenye kikokotoo cha TRA unajaza kampuni, modeli, mwaka, mafuta, ukubwa wa injini. Hakuna mahali pa kuandika kwamba kiti ni cha ngozi. Wanaokupiga kodi ni umri na injini. Cc 1001 hadi 2000 ushuru wa bidhaa ni 5%, ukivuka 2000 unakuwa 10%. Hiyo cc 1986 uliyochagua ni akili. Ungechukua haibridi ya modeli hiyohiyo yenye cc 2493 ungehama daraja. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu, unaofuata umri wa gari: miaka 8 hadi 10 ni 15%, ikipita 10 ni 30%. Ya 2014 imeshakomaa, unaila 30 yote.

Kwa hiyo jiulize kitu kimoja: ukiongeza hizo milioni 7 na nusu kwenye gari la gredi ya chini lakini la mwaka wa mbele zaidi, linaingia kundi gani? Bei ya Japani itapanda, lakini asilimia ya uchakavu inashuka. Piga hesabu zote tatu usiku huu, kikokotoo ni bure.

Mbeba Boksi:
Niko Minnesota, Marekani, huku hivyo viti vya joto navyo vinapigania uhai wetu, kwa hiyo mjomba wa Makambako nakuunga mkono.

Mgogo, shukuru Mungu una nafasi ya kuchagua. Huku gari jipya la kapa, lisilo na vikorombwezo, halipo. Kwa hesabu za Kelley Blue Book, wanaofuatilia bei za magari, Septemba 2025 bei ya wastani ya gari jipya ilivuka dola 50,000 kwa mara ya kwanza. Watu wanalipa mkopo miezi 84. Kuna kipikapu cha Ford kinaitwa Maverick, kilipotoka 2021 bei ilianzia chini kidogo ya dola 20,000, watu wakapanga foleni. Bei hiyo leo ukiitaja kwa muuzaji anakupa maji ya kunywa akidhani una homa.

Mchezo wenyewe unafanana na vifurushi vya simu. Unataka kitu kimoja, tuseme kamera za pande zote. Hakiuzwi peke yake. Kimefungwa na paa, na spika, na ringi kubwa. Unalipia vinne upate kimoja. Halafu ringi kubwa zinataka matairi ya bei, miaka yote.

Ilifika mahali BMW 2022 wakataka watu wa baadhi ya nchi walipie joto la kiti kwa mwezi! Kiti unacho, waya uko ndani, ila unalipia kukiwasha kama king'amuzi. Watu walipiga kelele, 2023 wakaachana nalo.

Ila tusitupe mtoto na maji ya kuogea. Kamera ya nyuma huku ni sheria kwa magari mapya tangu Mei 2018, kwa sababu watu walikuwa wanagonga watoto wao wenyewe wakirudi nyuma uani kwao. Hiyo mimi siiiti anasa.

Tela la Tunduma:
Nyie mnalilia vioo. Njooni kwenye malori.

Nina horsi (vichwa vya lori) mbili, moja ya zamani, moja ya kisasa ya Ulaya niliyoinunua mtumba. Ya kisasa ina tangi la pili, la AdBlue, maji ya urea yanayosafisha moshi. Yakiisha, kompyuta inapunguza nguvu ya injini. Kwa Ulaya ni sawa, kila kituo wanayo. Dereva wangu aliishiwa nayo upande wa Zambia na tani zake mgongoni, akapanda mlima kwa mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Siku tatu. Kuna mafundi wanauzima huo mfumo kwa kompyuta, mimi sikufanya, nimeamua kubeba madumu ya akiba.

Lakini nikwambie kinachonishangaza. Dereva huyohuyo nikimrudisha kwenye ile ya zamani ananuna. Kiti cha upepo, kitanda cha maana, friji. Anasema anafika Lubumbashi mgongo wake bado ni wa kwake. Na ajali hana. Sasa hiyo ni anasa au ni kitendea kazi? Sijui niiandike wapi kwenye daftari.

Mama Kihesa:
Nimesoma wote hapa. Wanaume saba mnamjadili shemeji kama vile ni kikorombwezo namba saba.

Kaka Mgogo, maswali mawili. Nani ataendesha hilo gari siku tano za wiki? Na hela ni za nani?

Mimi ninaendesha Dar, gari lenye kamera pande zote na sensa. Kwa maegesho ya Kariakoo, bampa langu bado lina rangi ya kiwandani. Bampa la mume wangu mliulize lenyewe. Mlango wa kitufe niliuona upuuzi mpaka nilipojifungua, mtoto mkono mmoja, mfuko mkono mwingine. Kiti cha joto sijawahi kuwasha, spika za bei mbaya nasikilizia taarifa ya habari. Kwa hiyo msivichanganye vyote kwenye gunia moja.

Kibao cha Mbuzi:
Dada kaua.

Mgogo wa Nzuguni:
@Mama Kihesa umenibana pabaya. Naomba nisahihishe uzi wangu. Kusema kweli mimi kazini naenda kwa miguu, dakika 15. Mwendeshaji ni yeye, ana kibanda cha chakula karibu na Chuo, kila siku anapita sokoni Majengo. Na kwenye hiyo milioni 7 na nusu, milioni 3 zinatoka kwenye kikoba chake. Sikusema mwanzo kwa sababu... basi tu.

Mama Kihesa:
Basi tu 😂. Nenda kamuulize. Usimuulize "unataka lipi," muulize kila siku anafanya nini na gari.

Fundi Plagi:
Na mimi nikuongezee kabla hujamuuliza. Omba muuzaji akutafutie gredi ya kati. Kwa macho ya fundi, kamera naziogopa kidogo, mlango wa kitufe nauogopa hata chini ya hapo (ukifa, kuna namna ya kuurudisha kwa mkono). Paa na rada ndivyo ningeviacha Japani. Ukilazimika kuchukua paa, mwambie fundi kila kabla ya msimu wa mvua apulize mirija kwa upepo mdogo. Mdogo! Upepo mkubwa unachomoa mrija ndani ya nguzo na hapo ndipo tutafahamiana vizuri mimi na wewe.

Mgogo wa Nzuguni:
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya siku nne.

Nimemuuliza kama nilivyoelekezwa. Kumbe paa lilikuwa ni maneno ya harusini. Anasema kwa jua la Dodoma nani anataka kukaa chini ya kioo? Alichokitaka tangu mwanzo ni mlango wa nyuma, kwa sababu kila asubuhi anabeba masufuria mawili ya supu, na kwenye kigari cha jirani anachoazima anainua mlango kwa kiwiko. Kuna siku supu ilimwagika yote. Mimi hiyo siku nilikuwa sijui, nilidhani hakuuza.

Tumepata gredi ya kati ya 2016: kitambaa, kamera ya nyuma, sensa za kuegesha, mlango wa kitufe. Haina paa wala rada. Nimeiingiza kwenye kikokotoo kama @Bandari Salama alivyosema, na jumla imezidi ile ya kwanza kwa milioni 4 na kidogo. Kikoba kitatoa 3 zake, kwa sharti kwamba kadi ya gari iandikwe majina mawili. Nimekubali.

@Fundi Plagi swali la mwisho kabla sijatuma hela: hiyo kadi ya SD nitajuaje kama imo ndani?

Fundi Plagi:
Mwambie muuzaji awashe gari akupigie picha ya skrini ikiwa inaonyesha ramani, halafu afungue kidude cha kadi akupigie picha nyingine. Akianza kuzungukazunguka, haimo. Na likifika usiruhusu mtu yeyote aguse betri hapo bandarini kabla hujaikagua hiyo kadi, hata akisema anasafisha betri.