Kompyuta ya gemu kwa elfu 70, niko Langoni: nirekebishieni orodha

langoni_kwetu
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nataka kuunda kompyuta ya gemu, bajeti ni shilingi elfu 70. Monita ninayo (1080p, 75Hz), kibodi na mausi pia ninazo. Gemu ni EA FC, GTA V na Valorant, na kuhariri video kidogo. Vitu vitaagizwa Nairobi, vishukie Mokowe, kisha vivuke kwa boti hadi Lamu. Orodha yangu: Ryzen 5 5600, madabodi ya A320 iliyotumika, RAM 16GB kijiti kimoja, kadi ya picha ya RX 6500 XT 4GB, SSD 256GB na hadi diski 1TB, pawa saplai ya "600W" isiyo na jina inayokuja ndani ya kasha, na kasha lenyewe ni la kioo mbele, feni nne za taa.

Pia kuna jamaa anauza Dell OptiPlex 7050 ile nyembamba (SFF), ex-UK (iliyotumika Uingereza), i5-6500, RAM 8GB. Asema nitie kadi tu, kazi imekwisha. Nishike lipi?

kaskazi_kusi
Wa alaykum salaam. Nianze na hiyo Dell, maana ndiyo itakayokuvuta kwa bei.

Iache. Si mbaya kwa kazi za ofisi, lakini pawa saplai yake ni wati 180 na plagi zake ni za Dell wenyewe, si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hivyo huwezi kuingia dukani ukanunua kubwa ukabadilisha. Kasha jembamba halipokei kadi ya kimo cha kawaida. Utabaki na kadi fupi zinazokula umeme wa tundu la madabodi peke yake, yaani GTX 1650 fupi au RTX 3050 ya 6GB (wati 70), na hizo fupi huuzwa ghali kwa sababu wengi wanazitafuta kwa mashine kama hiyo hiyo. Na i5-6500 ni kore 4 thredi 4 (kazi nne tu kwa wakati mmoja), Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama vya madabodi) viwe vimewashwa. Utaanza kuzungukazunguka njia za mkato kabla hujacheza hata mechi moja.

Sasa orodha yako. Prosesa umechagua vizuri. Ryzen 5 5600 ni kore 6 thredi 12, wati 65, na ile ya boksi huja na feni yake. Kosa liko kwenye vitu vinavyoizunguka.

RX 6500 XT ifute. Ina njia 4 tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na madabodi. Kwenye madabodi ya PCIe 4.0 njia hizo hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde. A320 ni PCIe 3.0, zinabaki GB 4. Kadi yenyewe ina kumbukumbu ya 4GB, ikijaa inaanza kuchota kwenye RAM kupitia tundu hilo hilo dogo, na hapo ndipo gemu inakwama nusu sekunde, inaendelea, inakwama tena. Isitoshe haina enkoda ya video (sehemu ya kuharakisha kutoa video), nawe wataka kuhariri. Tafuta RX 6600 8GB iliyotumika. Njia 8, wati 132, plagi moja ya pini 8. Hata kwenye PCIe 3.0 hupoteza kidogo tu. Ukiikosa, GTX 1660 Super 6GB ni kadi ya heshima.

Madabodi: B450 au B550 yenye tundu nne za RAM. B450 ya zamani muulize muuzaji BIOS (programu ya kuwashia madabodi) ni ya tarehe gani, kwa sababu isiposasishwa haitaiwasha Ryzen ya 5000, utaona feni zinazunguka na skrini nyeusi. Mwambie aiwashe na prosesa hiyo hiyo, akupigie video. Na angalia herufi: 5600G na 5500 si 5600. Hizo mbili zina keshi ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya 16MB badala ya 32MB, na ni PCIe 3.0 hata ukiziweka kwenye B550.

RAM: vijiti viwili vya 8GB, DDR4 3200, si kimoja cha 16. Kimoja kinatumia njia moja ya kumbukumbu, na Ryzen huumia sana kwa hilo.

Hadi diski iache mpaka mwakani. Nunua SSD moja ya NVMe (ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi) ya 500GB. GTA V peke yake ni zaidi ya GB 100, hiyo 256 utaijaza kwa gemu mbili.

bint_shela
Kaka, mimi sikubaliani na kuitupa ex-UK yote. SFF hapana, lakini zipo za tawa, zile pana. Dell OptiPlex 7060 ya tawa yenye i5-8500 ni kore 6, Windows 11 inaitambua, TPM ipo. Ukitia GTX 1650 isiyo na plagi ya umeme unacheza FC na Valorant vizuri kabisa, na pesa inabaki.

kaskazi_kusi
Dada, kwa elfu 40 nakubali mia kwa mia. Kwa elfu 70, hapana. Tawa hiyo nayo pawa saplai yake ni ya Dell, kwa hivyo kadi inaishia wati 75 za tundu la madabodi. Siku akitaka RX 6600 atauza mashine nzima. Mashine ya AM4 (soketi ya hiyo Ryzen 5600) kila kitu ni cha kawaida, chochote kikifa kinabadilishwa peke yake, hata kwa kipuri kutoka mashine nyingine.

fundi_barani
Niko upande wa Malindi, nchi moja hewa moja. Mmeongea vizuri kuhusu kadi, lakini kinachoua mashine huku pwani ni stima na chumvi. Hayo yawe mwanzo wa bajeti, yasiwe makombo.

Hiyo "600W" isiyo na jina usiipokee hata ya bure. Inyanyue mkononi: ikiwa nyepesi kama boksi la viatu tupu, ndani mna kipoza joto cha alumini chembamba kama sahani na kapasita ndogo. Soma kibandiko, tafuta mstari wa +12V. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 inaonyesha kama ampea 42 hadi 45 hapo. Ikionyesha 20 au 25, ukizidisha kwa 12 unapata wati 240 hadi 300, na hizo ndizo wati zake. Mashine yako ikiwa na RX 6600 itakula kama 250 kwenye gemu nzito. Chukua 550W, 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi), ya jina linalojulikana, mpya. Hiki ndicho kitu pekee kwenye orodha ambacho sikushauri ununue kilichotumika.

Waya wa ardhi. Nyumba nyingi za zamani soketi ina tundu tatu lakini la juu halijaunganishwa na chochote. Pawa saplai ina kapasita mbili za kuchuja umeme, moja kutoka laini na moja kutoka nyutro, zote zinakutana kwenye bati la kasha. Bila waya wa ardhi bati linakaa kwenye karibu volti 120. Mkondo ni mdogo mno kukuua, lakini ukigusa kasha kwa mguu mtupu juu ya sakafu unahisi kama sisimizi wanakutambaa. Kebo ya HDMI ukiichomeka wakati huo, cheche inaweza kuunguza tundu la kadi. Muite fundi wa umeme apime soketi kabla mashine haijafika. Ekstensheni ya pini mbili usitumie.

UPS (betri ya kushikilia mashine stima ikikatika): 650VA si wati 650. Nyingi ni kama 360. Inakutosha, lakini kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kumaliza mechi. Chukua yenye AVR (inayosawazisha volti), maana volti ikishuka jioni ndiyo inayotesa pawa saplai, si kukatika peke yake. Kama nyumba inatumia sola, inveta iwe ya mawimbi safi. Zile za mawimbi ya kukatwakatwa hufanya pawa saplai ingurume au izime ghafla.

Chumvi sasa. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na kwetu unyevu hufika hapo usiku mwingi. Vumbi la chumvi juu ya madabodi linakuwa utando mwembamba unaopitisha umeme. Huoni kitu, ila siku moja mashine haiwaki, ukivuta RAM unakuta miguu ya dhahabu ina madoa ya kijani. Kasha la kioo mbele linakufungia joto ndani, nawe bado utapata chumvi kupitia pembeni. Chukua la wavu mbele, feni mbili zikivuta ndani na moja nyuma ikitoa. Hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka, ipite kwenye kichujio, na kichujio ukioshe kila wiki mbili. Miezi ya kusi, kila wiki. Mashine isikae kwenye dirisha linaloelekea bahari. Na usiizime mwezi mzima ukaiacha: iwashe kila siku mbili tatu kwa saa moja, joto lake lenyewe linakausha ubao.

Watu huogopa nyuzi joto bila sababu. Kaskazi chumba kikiwa 32, feni haiwezi kushusha prosesa chini ya hapo. Ryzen 5600 ikicheza kwenye 75 au 80 ni sawa, kikomo chake ni 90. Funga fremu (picha za gemu) kwenye 75 kwa sekunde, monita yako haionyeshi zaidi, na kadi itapoa mara moja.

langoni_kwetu
Mashallah. Basi naandika upya: 5600, B450 iliyotumika yenye BIOS mpya, RAM 2×8, RX 6600 iliyotumika, NVMe 500GB, pawa saplai 550W Bronze, kasha la wavu. Niweke kiasi gani kwa kila kitu? Na kadi iliyotumika nitajuaje ni nzima, nami siko Nairobi?

kaskazi_kusi
Bei zinayumba kila wiki, hasa RAM, kwa hivyo nakupa vikomo tu. Kadi isizidi 25. Prosesa, madabodi na RAM pamoja visizidi 27. Tafuta mtu anayeuza vitatu kwa pamoja, vikiwa vimeshafungwa, ndipo bei hushuka na swali la BIOS linajijibu. Pawa saplai 8, SSD 5, kasha 4. Elfu moja inayobaki ni ya pasel na boti. UPS haimo humo, ipangie mwezi wa pili. Kadi ikizidi, punguza kasha, usipunguze pawa saplai.

fundi_barani
Kadi: mwambie muuzaji arekodi video moja isiyokatwa. Ianze kwenye serial namba iliyobandikwa nyuma ya kadi, ihamie GPU-Z (programu ya kutambua kadi), kisha FurMark (programu ya kuijaribu kwa nguvu) dakika 15. GPU-Z ikiandika neno FAKE mbele ya jina, hiyo ni kadi ya kale iliyoandikwa BIOS ya uongo. Kwenye FurMark tazama pembe za picha: vitone vya rangi au mistari ni kumbukumbu inayokufa. Sikiliza feni zikianza na zikisimama. Halafu akuonyeshe ubati wa skrubu nyuma ya kadi. Ukiwa na kutu, kadi imeishi pwani tayari.

Safari: kadi itoke kwenye tundu, isafiri peke yake. Ikiachwa imening'inia ndani ya kasha, barabara itavunja tundu la PCIe. Prosesa ibaki madabodini, pini za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe na zikipinda moja tu umepata kazi ya sindano na miwani. Madabodi itiwe kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kisha mfuko wa nailoni uliofungwa kwa gundi, na vifuko vya kunyonya unyevu ndani. Boti ikirusha maji, katoni peke yake haizuii. Ikifika nyumbani usiifungue papo hapo. Iache ifikie joto la chumba.

Kufunga: ukitaka kutoa feni ya prosesa iliyotumika, washa mashine dakika kumi pesti ya kupitisha joto ilainike, zima, chomoa, kisha ipindue kushoto kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta moja kwa moja inatoka na prosesa yake, soketi ya AM4 haiishiki kwa nguvu. RAM iingie tundu la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa. Kebo ya pini 8 ya prosesa na ya pini 8 ya kadi zinafanana kwa mbali lakini hazibadilishani. Ukiona inagoma, usisukume. Ukishawasha, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 itaenda 2133 au 2400 na hutajua.

bint_shela
Na kebo ya HDMI ichomeke kwenye kadi, si kwenye madabodi. 5600 haina sehemu ya picha ndani yake, utakaa na skrini nyeusi ukimlaumu aliyekuuzia.